Kuhusu Mama na Yule Bi Nuria wa Kwenye Runinga

Mtaa wa Likoma,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
14 Septemba 2024

Mpendwa kaka Ridhiwani,

Assalaam alaykum, na shikamoo kaka.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Ummy na watoto. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho tulipoongea ulikuwa unasema huinuki kitandani bila kushika ukuta. Na Abdulhamid je, kashazoea shule ya huko Nampula au Kireno bado kinampiga chenga? Sisi huku afya zipo. Mdogo wetu Anifa alishikwa na mafua yaliyomkalia wiki mbili, sasa amepona, karudi kazini kwenye duka la dawa. Mimi na mume wangu Seifu hatujambo.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei, na kwenye kundi la familia ulishatoka. Sikulaumu. Sadalla, mpangaji wetu wa chumba cha mbele anayepeleka vitenge huko kwenu, anaondoka Jumatatu. Nimemwomba akukabidhi bahasha hii mkononi. Nakuomba uisome mpaka mwisho, hata kama katikati itakukera.

Mama tulimzika Jumatatu ya tarehe 29 Julai, baada ya adhuhuri, makaburi ya Kisutu. Najua habari ilikufikia maana wifi alijibu pole. Waliojaa walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea, wateja wake wa miaka yote, hata wapakia mizigo wa Mtaa wa Kongo walikuja na nguo zao za kazi. Waliomteremsha kaburini ni mjomba Rajabu na Seifu. Mjomba aliuliza, "Na yule mwanawe wa kwanza yuko wapi?" Arobaini tumeisoma Ijumaa ya wiki iliyopita. Siyaandiki haya kukusimanga. Nayaandika kwa sababu ni haki yako kujua alivyozikwa.

Sasa kaka, niruhusu nikueleze ile habari ya tamthilia tangu mwanzo, kwa sababu wewe umeipata ncha tu, tena ncha iliyochongwa vibaya.

Ulipokuja kwetu mwaka 2001, baba yako alipofariki, Tarsis alikuwa bado hajahamia. Alikuja miaka miwili baadaye, mwanafunzi wa chuo kutoka Songea, akapanga chumba cha uani karibu na jiko la Mama. Alikuwa kijana mpole, mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, na kila asubuhi alikunywa chai ya Mama na chapati mbili kabla hajaenda chuo. Alipomaliza akahama, akawa anakuja Idd kusalimia, halafu akapotea. Kumbe amekuwa mwandishi wa tamthilia.

Mwaka jana mwezi wa kwanza runinga ikaanza kuonyesha tamthilia yake, "Jiko la Uani". Ndani yake yumo mama lishe wa Kariakoo anayeitwa Bi Nuria. Kaka, sehemu ya kwanza tu mtaa mzima ulicheka. Bi Nuria anafunga kanga kama Mama, anagonga upawa kwenye ukingo wa sufuria mara tatu kama Mama, na mteja akichelewa humwambia, "Leo jua limekuamsha wewe au wewe umeliamsha jua?" Yale ni maneno ya Mama, umeyasikia mwenyewe. Mama alifurahi mno. Kila Jumatano baada ya magharibi majirani walikuja kukaa sebuleni kwake, na yeye akawa anawaambia huyu mwigizaji ni mzuri ila chapati hajui kusukuma.

Ikafika sehemu ya arobaini na moja. Bi Nuria anakumbuka ujana wake. Anaonekana yuko stendi ya basi Masasi, mtoto wa miaka mitatu kashika pindo la kanga yake. Anamkalisha juu ya mfuko wa korosho, anamwambia asiondoke, anarudi sasa hivi. Kisha anapanda basi la Dar pamoja na mfanyabiashara wa vitambaa. Basi linaondoka, mtoto kabaki juu ya mfuko.

Sebuleni Mama akasimama, akasema anaenda kuswali isha, na adhana ilikuwa haijaadhiniwa. Mimi nilikuwepo na nilimwona. Sikumfuata.

Wapenzi wa tamthilia ile wana ukurasa wao mtandaoni, ambapo wanaandika kila kitu kuhusu kila mhusika, amezaliwa wapi, ana umri gani, kaolewa na nani. Wanabishana hapo kama wanasheria. Wiki tatu nzima walibishana Bi Nuria ni wa Lindi au wa Masasi, kwa sababu sehemu ya sita alisema Lindi na sehemu ya thelathini akasema Masasi. Atakayeandika neno lazima aonyeshe kalitoa wapi. Anifa alikuwa mmoja wao, tena wa mwanzo mwanzo, na alikuwa anatuchekesha jioni kwa kutusomea ugomvi wao.

Kicheko kiliisha Tarsis alipohojiwa redioni. Aliulizwa Bi Nuria kamtoa wapi, akasema kamtoa kwa mama mmoja aliyempangisha chumba Kariakoo, Mtaa wa Likoma. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Siku ya pili mtu kaandika kwenye ukurasa ule kwamba Bi Nuria wa kweli ni Bi Sitara binti Abdulhamid, na kwamba mwanamke huyu alimtelekeza mwanawe wa kwanza Masasi akamfuata mwanamume Dar es Salaam. Jina la mama yetu, kaka, lote, limekaa pale kila mwenye simu alione.

Nikuambie jambo ambalo sioni fahari nalo. Niliposoma ile sentensi, kwa nusu siku niliiamini. Nilikuwa na miaka thelathini na nane, nimelelewa na mwanamke yule, na sikuwahi hata mara moja kumuuliza kwa nini wewe ulikulia kwa baba yako na baba zako wadogo na si kwetu. Nilidhani kutouliza ni adabu.

Anifa hakuamini. Sentensi ile ilikuwa na kinamba pembeni, ukikibonyeza kinakupeleka ilikotoka habari. Akabonyeza, akatua kwenye blogu moja ya udaku. Akaisoma blogu mpaka chini, na chini kabisa imeandikwa kwamba habari hii ni kwa mujibu wa ukurasa wa wapenzi wa tamthilia. Ukurasa unasema blogu ndiyo inayojua, blogu inasema ukurasa ndio unaojua. Katikati hakuna mtu.

Akawaandikia. Msimamizi wa ukurasa ni mzee mmoja wa Magomeni, Aristides, aliwahi kufanya kazi maktaba. Alimjibu kwa heshima, siwezi kumsingizia. Nimeinakili hapa kutoka kwenye simu ya Anifa:

"Dada, una chanzo gani kinachosema tofauti?"

"Chanzo ni mimi. Ni mama yangu mzazi."

"Pole sana dada. Lakini mtoto hawezi kuwa shahidi wa mambo yaliyotokea kabla hajazaliwa, na tena ana upande. Tuletee kitu kilichoandikwa."

Wengine hawakuwa na heshima hiyo. Waliweka vikatuni vya kucheka. Mmoja akaandika kwamba hata Bi Nuria kwenye tamthilia watoto wake wa Dar wanamtetea hivyo hivyo. Yaani Anifa akilia wanasema analia kama yule binti wa sehemu ya hamsini. Alibishana nao miezi mitano. Aliandika kazini, aliandika akila, akawa anakonda.

Mama simu yake ilikuwa ya tochi, hakuyasoma hayo. Aliletewa mdomoni. Vijana wakaanza kuja kupiga picha mlango wa nyumba. Watu wazima wenye akili zao wakawa wanakula chapati yake huku wanamkodolea macho. Siku moja mwezi wa tatu mwaka huu, mama mmoja aliyevaa vizuri, na mtoto kamshika mkono, alimuuliza huku anapokea sahani, "Samahani Bi Nuria, hivi yule mwanao ulimwacha stendi ipi, ya zamani au mpya?" Hakuuliza kwa ubaya, ndivyo alivyoniambia Mama. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu.

Mama alimjibu, "Chapati yako inapoa, mwanangu."

Kisha ukaja ujumbe wako wa Aprili kwenye kundi la familia. Naukumbuka neno kwa neno: "Kumbe dunia nzima inajua sababu isipokuwa mimi. Nashukuru." Halafu ukatoka. Mama aliona nyuso zetu zimebadilika, akamwambia Anifa amsomee. Anifa akakataa, akalazimishwa, akasoma. Mama akasema rudia. Akarudia. Alikuwa ameshapima unga wa asubuhi kwenye beseni. Akaurudisha kwenye ndoo kwa kikombe, taratibu, akafunika. Hakupika tena biashara baada ya hapo. Wateja walikuja siku nne tano wakigonga, wakaacha.

Mwezi wa sita akaanguka bafuni. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa wote na maneno yakawa yanatoka yamevimba, mpaka uweke sikio karibu. Tulikupigia, kaka. Tulipiga mimi, Anifa, hata mjomba. Basi, hayo yamepita.

Ni hapo kitandani ndipo nilipomuuliza, nikiwa nimechelewa miaka mingi. Nilimwambia, "Mama, kaka Ridhiwani ulimwacha?"

Akasema, "Nilinyang'anywa."

Akanielekeza kwenye sanduku lake la bati, chini ya sanda aliyojinunulia mwenyewe. Nilikuta karatasi ya mahakama ya mwanzo, Masasi, ya mwaka 1980, imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Mdai ni Sitara binti Abdulhamid. Anachodai ni mtoto wake, Ridhiwani, umri miaka mitatu. Shauri lilisikilizwa mara nne. Alishindwa kwa kuwa hana makazi ya kueleweka wala ndugu wa kumdhamini, na mtoto akabaki kwa baba. Hiyo ndiyo stendi ya basi, kaka. Alipanda basi kweli, lakini alitokea mahakamani.

Mle ndani mna mambo ya marehemu baba yako ambayo nilikusudia nisiyataje. Najua alikulea, najua ulivyomlilia. Lakini unaukumbuka mkono wa kushoto wa Mama, ulivyokuwa haunyooki? Sote tulidhani kazaliwa nao. Karatasi inaeleza kwa nini aliondoka kwenye nyumba ile. Nimesema zaidi ya nilivyotaka, na sifuti.

Anifa alipoiona alitaka kuipiga picha hapo hapo awapelekee wale watu. Chanzo kilichoandikwa, chenye muhuri, si ndicho walichotaka? Mama akamkataza. Alijitahidi kusema vizuri ili asirudie: "Hao waniseme. Ridhiwani asije akamsoma baba yake kwenye simu za watu." Nikamuuliza, na yeye mwenyewe Ridhiwani je? Akasema, "Akitaka mwenyewe, mpe." Basi Anifa akatoka nje akakaa kwenye ngazi. Kusikia aliyemtetea miezi yote ile hataki kutetewa, kulimuumiza kuliko vicheko vyote.

Tarsis alikuja msibani siku ya pili. Alisimama mlangoni na viatu mkononi, hakuthubutu kuingia mpaka Seifu alipomshika bega. Amenenepa, ana mvi, lakini alilia kama yule mwanafunzi wa zamani. Nilimuuliza mbele ya watu, sikuweza kusubiri: "Nani alikuambia Mama kamwacha mtoto?"

Akasema hakuna. Alichojua ni kimoja tu. Asubuhi moja mwaka 2004 alimkuta Mama anakanda unga na machozi yanamdondoka, akamuuliza kuna nini, Mama akamwambia, "Leo mwanangu katimiza miaka ishirini na saba." Hakusema zaidi, na Tarsis hakuuliza zaidi. "Nilipokuja kuandika, pale pakawa na tundu," aliniambia. "Nikalijaza mwenyewe."

Sijui nimweleze vipi mtu wa namna hiyo. Nilimwambia ale, chakula kipo.

Amekwishatangaza redioni kwamba ile ya stendi aliitunga. Unadhani wameridhika? Wapo wanaosema mwandishi anaficha kwa kuwa familia imemtisha. Wapo wanaosema mwandishi naye ana upande.

Mzee Aristides naye alikuja, siku ya arobaini. Alitoka Magomeni kwa miguu mpaka kwetu, ametota jasho, kanzu hana, kavaa koti lake. Alitaka kuniomba radhi, na alitaka pia, nadhani, kujua. Alisema, "Mwanangu, kama kuna karatasi yoyote, hata moja, nitaiweka na neno hili halitarudi tena." Karatasi ilikuwa kwenye mkoba wangu, mkoba uko mapajani. Nilimwambia hakuna. Alinitazama kidogo, akatikisa kichwa, akasema basi ataondoa sentensi kwa kukosa chanzo, maana blogu iliyojinakili si chanzo, na hilo alipaswa kuliona tangu siku ya kwanza. Akaiondoa akiwa amekaa pale pale mkekani, akanionyesha.

Baada ya siku tatu mtu mwingine aliirudisha, kaongeza neno "inadaiwa". Aristides ameiondoa tena. Nadhani wataendelea hivyo. Anifa amejitoa kwenye ukurasa ule na tamthilia haangalii tena. Jioni anakaa tu na simu ameigeuza kifudifudi.

Kwa hiyo kaka, karatasi iko kwangu na haijaonwa na mtu zaidi yangu mimi, Anifa na Mama. Sikuiweka kwenye bahasha hii kwa sababu barua inaweza kufunguliwa njiani, na kwa sababu Mama alisema ukitaka mwenyewe. Ukisema nikuletee, nitapanda basi nikuletee mimi. Ukisema niichane, nitaumia lakini nitaichana. Ukinyamaza, nitaitunza.

Lipo jambo moja bado, na hili halimo kwenye karatasi yoyote. Alinieleza wiki ile ya mwisho, kwa vipande, asubuhi mbili.

Mwaka 1984, ameshaolewa na baba yangu na ana mimba yangu, alimuaga baba anaenda kumwona mgonjwa Lindi. Akapitiliza mpaka Masasi. Baba zako wadogo walishamwambia akionekana nyumbani watamvunja na mkono wa pili, kwa hiyo hakwenda nyumbani, alikwenda shule. Akasimama nyuma ya ua wa michongoma mpaka kengele ya mapumziko. Hakujua atakutambua vipi, alikuacha una miaka mitatu na sasa una saba. Anasema mpira wa makaratasi ulivuka ua, na aliyekuja kuufuata akawa wewe. Alijua kabla hujainua uso.

Alikuuliza unaitwa nani, ukamtajia. Akakuuliza umekula, ukasema bado. Akakupa visheti alivyokukaangia Dar, vimefungwa kwenye kipande cha kanga nyekundu. Ukamuuliza, "Wewe ni nani?" Akakuambia ni mpita njia. Kengele ikalia, ukakimbia na mpira mkono mmoja na visheti mkono mwingine.

Alisimama pale mpaka shule ikafungwa, lakini hukurudi upande ule.

Kilichomkera miaka arobaini, kaka, hakikuwa maneno ya watu. Alikuwa anajiuliza kama ulivila, na hata ulipokuja kwetu hakuthubutu kukuuliza. Watoto mlikatazwa shuleni kupokea chakula kwa msiyemjua, na alihofia mwalimu alikunyang'anya akavitupa, au uliogopa ukavitupa mwenyewe. Aliniomba nikuulize, na mimi nikamwahidi, na hukupokea simu.

Basi nakuuliza hapa. Huna haja ya kunijibu kuhusu karatasi, wala kuhusu Bi Nuria, wala kuhusu mimi. Nijibu hilo tu. Sadalla atakaa huko siku kumi, unaweza kumpa hata kikaratasi.

Nisalimie wifi Ummy, mwambie pole yake ilitufikia na tulimshukuru. Nisalimie Abdulhamid na wadogo zake, mwambie shangazi yake anamsubiri likizo. Anifa, Seifu na mjomba Rajabu wanakusalimu, na mjomba anasema hana kinyongo, anataka tu kuisikia sauti yako. Mwenyezi Mungu akupe afya na riziki ya halali, amrehemu mama yetu, amsamehe na marehemu baba yako, na akufungulie njia ya kuja kwetu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda tangu nikiwa tumboni nyuma ya ule ua,

Shadya binti Sitara